Tunda la Kizungu

Upo usemi mmoja ambao nimechoka kuusikia katika mitaa ya Kariakoo, nao ni "tunda la kizungu". Huitwa hivyo epo, huitwa hivyo peasi na stroberi, na hata plamsi ya Lushoto, ambayo imesafiri usiku mmoja tu ndani ya lori pamoja na kabichi na karoti. Wauzaji wanausema kwa kusifu, maana tunda la kizungu lina bei. Wanunuzi wanausema kwa kujitenga: hilo ni la mgonjwa aliyelazwa Muhimbili, au la mtoto wa tajiri, si la kwetu. Na wasomi, ambao ndio hasa ninaogombana nao hapa, wanausema kwa kupuuza. Wanadai kwamba ukoo mzima wa mimea hiyo, ambao wataalamu huuita ukoo wa waridi, ni somo la nchi za baridi, na kwamba mwalimu wa Tanzania anayewafundisha watoto habari za waridi na epo ni kasuku aliyeachwa na wakoloni.

Hoja yao si ya kipuuzi, na ni haki niieleze vizuri. Shule zetu zilirithi vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa mahali pengine. Mtoto wa Ilala akakariri sehemu za ua ambalo hajapata kuliona, akalichora, akalipaka rangi, akapata alama zake, na mwembe ulio mlangoni kwao ukatoa maua na kuyapukutisha bila yeye kuinua macho. Jambo hilo lilinikera tangu siku zangu za kwanza za ualimu. Ndiyo maana mwalimu mwenzangu mmoja mstaafu, ambaye huwa tunakunywa naye kahawa Mtaa wa Narung'ombe, aliponiambia, "Mwalimu, wewe wafundishe muhogo na mnazi, waridi waachie wenyewe," nilimjibu kwamba muhogo na mnazi nimeufundisha miaka yote na wala sijutii. Lakini yeye na wenzake wamepotoka mahali pawili. Wanadhani undugu wa mimea hutambulika kwa jina lake au kwa meli iliyouleta. Tena wanadhani ukoo wa waridi haupo kwetu. Yote mawili si kweli, na hilo la pili limetugharimu miti.

Hebu tuanze na ukoo wenyewe. Una aina zinazokaribia 3,000 duniani, kuanzia vijimea vinavyotambaa ardhini hadi miti mirefu ya msituni, na ukiutazama kwa maumbo ya miili hutauona undugu wowote. Undugu umo ndani ya ua. Kuna kijimea cha nchi za kaskazini kiitwacho Potentila, ambacho kwa lugha kadhaa za Ulaya jina lake la mitaani lina maana ya majani matano au vidole vitano, kwa kuwa katika aina zake nyingi jani limegawanyika kama kiganja cha mkono. Hakiuzwi Kariakoo, na hata kingeletwa kisingepata mnunuzi, maana matunda yake ni vipunje vikavu visivyolika. Nakitaja kwa sababu ua lake ni kielelezo kilicho wazi. Lina petali tano zilizoachana, mara nyingi za manjano. Chini ya petali zipo sepali tano za kijani. Na chini ya sepali, katika nafasi zilizo baina yake, vimo vijani vingine vitano vidogo, kama mwanamke aliyejifunga doti yake ya kanga, moja ndani na moja nje. Stameni ni nyingi. Katikati kuna kifundo kilichobeba ovari ndogondogo, kila moja peke yake. Na hizo sepali, petali na stameni zote zimeshikwa kwenye ukingo wa kikombe kidogo. Kishike kikombe hicho akilini, ndugu msomaji, pamoja na kile kifundo, maana matunda yote unayoyaona sokoni yametokana na ukoo huu kucheza na vitu hivyo viwili.

Chukua stroberi. Ua lake ni lilelile la Potentila, ila petali ni nyeupe. Kilichotokea ni kwamba kifundo cha katikati kimevimba, kikajaa maji na sukari, kikawa chekundu. Zile punje zilizo nje, ambazo watu hudhani ni mbegu, ndizo matunda yenyewe hasa, na ni ndugu wa vile vipunje vikavu visivyo na mnunuzi. Mwenye shaka na aitazame ile kofia ya kijani iliyobaki juu ya stroberi. Ataona mistari miwili ya vijani, kanga ya ndani na kanga ya nje.

Katika plamsi, pichi na lozi, ovari ni moja tu ndani ya kikombe. Kikombe hukauka na kudondoka, ovari inakua, ukuta wake wa nje unakuwa nyama na ukuta wa ndani unakuwa jiwe. Tofauti ya mlaji wa pichi na mlaji wa lozi ni kwamba mmoja anakula nyama na kutupa jiwe, na mwingine anavunja jiwe na kula kilichomo. Epo na peasi zimefuata njia nyingine. Hapo kikombe kimezifunika ovari na kushikamana nazo, kisha sehemu kubwa ya nyama ikatokana na kikombe chenyewe. Kile kiini kigumu tunachokitema ndicho ovari. Likate epo kwa kisu kwa upana, si kutoka kwenye kikonyo kushuka chini kama tulivyozoea, nawe utaona nyota yenye vyumba vitano. Kisha geuza upande wa pili wa kikonyo: vile vijani vitano vilivyokauka ndani ya kishimo ni sepali za ua lililokwisha kitambo. Nililionyesha jambo hili kwa kijana mmoja anayeuza epo kwenye toroli Mtaa wa Kongo. Aliitazama ile nyota kwa makini, akaniuliza kama ni alama ya kampuni.

Waridi lenyewe nalo linawadanganya wengi kwa mavazi. Waridi la porini lina petali tano tu, kama Potentila. Yale mawaridi yaliyojaa petali kama vitunguu yametokana na wakulima kuchagua, kizazi baada ya kizazi, maua ambayo stameni zake ziligeuka kuwa petali. Miiba yake pia ni ya ngozi. Ukiisukuma kwa kidole gumba inabanduka. Majani ya wengi wa ukoo huu hupangwa moja moja kwenye tawi, yana meno pembeni, na mahali kikonyo cha jani kinapoanzia huwa kuna vijani viwili vidogo viitwavyo stipuli. Hayo yanatosha. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyashika yote kwa asubuhi moja, ikiwa ameletewa kitu cha kushika.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapo ndipo wenye kamusi wametuvuruga zaidi. Karibu kila chati ya matunda inayoning'inizwa darasani ina picha ya epo jekundu, na chini yake imeandikwa "tufaha" au "tofaa". Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na kwa Mwarabu ni kweli lina maana ya epo. Lakini katika pwani yetu, Unguja, Pemba na Mrima, tofaa ni tunda jingine kabisa, jekundu, lenye umbo kama la kengele, nyama nyeupe iliyojaa maji, kokwa moja kubwa na harufu ya mbali inayokaribiana na ya waridi. Chunguza mtofaa. Majani yake yamekaa mawili mawili yakielekeana, kingo zake hazina meno, na stipuli huzioni. Liinue jani kwenye jua utaona vitone vya mafuta. Ua lina petali nne, na stameni zake za rangi ya waridi iliyokolea huanguka kwa mamia hata chini ya mti pakawa kama pametandikwa zulia. Mti huo si wa ukoo wa waridi. Ni ndugu wa mkarafuu na mzambarau, na wote watatu wamo katika jenasi moja.

Kwa hiyo bibi wa Ng'ambo anayemtuma mjukuu wake akaokote matofaa hasemi vibaya, wala hahitaji kusahihishwa na mtoto aliyetoka kutazama chati. Aliyeanza kukosa ni mwenye chati, aliyechukua jina ambalo tayari lilikuwa na mwenyewe. Msimamo wangu ni kwamba epo liitwe epo. Ni neno la sokoni, limekwisha kuvaa nguo za Kiswahili, halina aibu yoyote. Tofaa waachiwe wenye mtofaa uani.

Na si tofaa peke yake. Kamusi za zamani zilisema pea ni parachichi, na hadi leo wapo wanaosema hivyo, ilhali parachichi ni ndugu wa mdalasini na wala si wa peasi. Kungu nalo, kwa kuwa Waingereza waliuita mkungu mlozi wa Kihindi, wapo wanaotuambia kuwa ni lozi. Si lozi. Nimevunja kungu kwa jiwe utotoni, na kiini chake ni kitamu, lakini ukoo wake ni mbali. Hapo Kariakoo tunao Mtaa wa Mkunguni, na sidhani kama kati ya maelfu wanaopita humo na mabegi ya nguo wapo kumi wanaofikiri kwamba jina hilo ni la mti. Basi msomi anayeniambia kwamba epo si letu kwa sababu ni la kizungu, mwenyewe ana hakika tofaa ni epo na kungu ni lozi. Anahukumu nasaba kwa kusikia majina mlangoni.

Je, ukoo wa waridi ni mgeni kwetu? Tuanze na nyumbani. Katika maulidi na harusi za mji huu watu hunyunyiziwa marashi kwa mrashi, na yale maji asili yake ni maua ya waridi. Huko Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, wakulima bado wanachuma waridi na kulichemsha ili kupata maji hayo, na kwa njia hiyohiyo ya biashara ya pwani yalifika kwetu kabla Mjerumani hajapima kiwanja cha kwanza cha Dar es Salaam. Anayetengeneza halua iliyokamilika hutia maji ya waridi akatia na lozi, na ndugu wawili wa ukoo mmoja wakakutana ndani ya sufuria moja mikononi mwa mtu ambaye hajui kuwa ni ndugu. Mabinti zetu tumewaita Waridi. Sijasikia mtu akisema kwamba halua ni tamu ya kizungu.

Atasema mpinzani wangu kuwa hao nao ni wageni, hata kama ni wa siku nyingi. Naam. Tupande milima basi. Juu ya Kilimanjaro, misitu inapokwisha na vichaka kuanza, kuna mimea ya jenasi ya Alkemila. Maua yake ni madogo na hayana petali kabisa. Sepali zake ni nne badala ya tano. Mtu asiyejua angeuona kuwa haufanani na chochote. Lakini lishike ua hilo kwa karibu: chini ya sepali nne vipo vijani vingine vinne. Kanga mbili! Ni ndugu wa karibu wa stroberi na Potentila, ameishi huko juu tangu zamani, wala hakuletwa na mmisionari. Katika misitu ya juu ya Kilimanjaro na Meru upo mti uitwao Hagenia, wenye vichala virefu vya maua vinavyoning'inia. Waethiopia wameyatumia maua yake kwa karne nyingi kama dawa ya tegu. Milimani Usambara na Uluguru watoto huchuma matunda ya vichaka vyenye miiba vya jenasi ya Rubus wakitoka shule. Wote hao ni ukoo wa waridi, na wote ni wenyeji.

Na yupo mwingine ambaye ndiye aliyenitia kalamu mkononi. Kwa wataalamu ni Prunus africana. Wakikuyu huuita muiri, na Wachaga mkondekonde. Ni mti wa misitu ya milimani, huweza kupita mita 30, na hilo neno la kwanza katika jina lake ndilo la plamsi, pichi na lozi. Yaani ni watoto wa nyumba moja. Maua yake ni madogo, meupe, petali tano na stameni nyingi. Matunda yake ni kama plamsi za mwanasesere, ndege na nyani huyapenda. Likiponde jani lake, au ukwangue gome likiwa bichi, utapata harufu ya lozi chungu. Pua yenyewe inakutajia nasaba.

Gome hilo ndilo balaa la mti huu. Wenyeji wa milima walilitumia kwa dawa tangu zamani, kwa vipande. Mwaka 1966 dawa itokanayo nalo ilipewa hataza Ufaransa, kwa ajili ya wanaume ambao tezi dume imevimba wakashindwa kukojoa vizuri. Biashara ikapamba moto. Kufikia miaka ya 1990 zaidi ya tani 3,000 za magome makavu zilikuwa zinauzwa nje ya Afrika kila mwaka, sehemu kubwa kutoka Kamerun na Madagaska, lakini Kenya, Kongo na Tanzania nazo zimo katika orodha ya waliouza. Mwaka 1995 mti huo ukaingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 1998 ukahesabiwa rasmi miongoni mwa miti iliyo katika hatari ya kutoweka. Ukiuvua mti gome pande mbili zinazokabiliana, ukaacha pande nyingine zilivyo na ukauachia miaka ya kupona, huenda ukaishi. Ukiuvua mzunguko mzima unakufa umesimama, kwa sababu chakula cha mizizi hupita humo humo ndani ya gome. Mvunaji mwenye haraka hata hajisumbui kuvua, anaukata kwanza.

Sasa linganisha. Epo moja la Afrika Kusini linafika Kariakoo likiwa na kibandiko, limefutwa kwa kitambaa, limepangwa kama askari. Serikali ilipozuia mazao ya Afrika Kusini kwa siku chache mwezi Aprili 2025, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa imezikataa ndizi zetu, barazani kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine ila epo. Lakini nenda kwa wauza dawa za asili katika mitaa hiyohiyo, uone magome yaliyofungwa mafungu. Nimeuliza zaidi ya mara moja, "Hili ni la mti gani?" Nikajibiwa, "Hili la tezi, mzee wangu, hili la mgongo, hili la nguvu." Sisemi kwamba lilikuwa la mkondekonde. Nasema kwamba hapakuwa na mtu wa kuniambia, si muuzaji wala mnunuzi, na sote watatu tulipata kusoma sayansi. Binamu wa ugenini tunamjua hadi shamba alikotoka, na ndugu wa nyumbani anauzwa kwa jina la ugonjwa.

Utaniuliza, ndugu msomaji, kama kuhesabu petali kunaweza kuokoa mti. Peke yake hapana. Kunahitajika bwana misitu, sheria na mishahara. Lakini huyo bwana misitu anayesimamisha lori lenye magunia ya magome usiku alikuwa mwanafunzi wa mtu. Aliyewahi kuvunja kokwa ya plamsi darasani akanusa kiini chake ana kitu cha kumsaidia pale barabarani, gome likiwa bado bichi. Aliyeambiwa kwamba ukoo huo ni wa wazungu hana hata sababu ya kuinamia gunia.

Sikatai kwamba epo si mti wa Dar es Salaam. Unataka baridi ili uamke na kutoa maua, na penye joto wakulima hulazimika kuung'oa majani kwa mkono ili udhani msimu umepita. Ndiyo maana unapandwa Makete, Njombe na Lushoto, wala si Buguruni. Lakini darasa la Buguruni halihitaji mti, linahitaji tunda moja na kisu. Epo moja kwa watoto 60 halizidi nauli ya daladala ya kwenda na kurudi Mbagala. Mwishoni mwa mwaka plamsi za Lushoto zinafika kwa ndoo, na soko kuu lilipoungua Julai 2021 hazikuacha kuja. Zilitafuta mahali pengine pa kutandazwa. Wekeni plamsi upande huu, tofaa upande ule na jani la kila mti pembeni, kisha watoto waseme wenyewe nani ndugu wa nani. Mwalimu asiwaambie jibu mpaka waanze kugombana.

Na walioko milimani wana kazi yao, ambayo siwezi kuifanya nikiwa Narung'ombe. Mbegu za mkondekonde hazivumilii kuwekwa. Zikikaushwa sana au zikikaa ghalani hupoteza uhai upesi. Anayetaka miche anapaswa kwenda chini ya mti matunda yakiwa yameiva, ayakusanye kabla nyani hawajamaliza, aondoe nyama, azioshe kokwa, na azipande kwenye kitalu chenye kivuli wiki hiyohiyo.